Bi Sabini na Kioo Kilichomficha Mama Mkwe

Miaka thelathini na moja na miezi minne. Huo ndio muda ambao mkaguzi wetu mkuu wa vioo amesimama kwenye foleni namba mbili ya kituo hiki cha ukaguzi wa magari. Tarehe 30 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, atavua koti lake la bluu na kustaafu. Nasikia kuna madereva wameshaanza kuhesabu siku. Wasifurahi mapema, amefundisha wanne, na wote wana macho yake.

Jina lake limo kwenye hati, lakini nje ya geti hakuna anayelijua. Kwa madereva yeye ni Bi Sabini, kwa sababu ya kanuni aliyoikariri kama dua: kioo cha mbele, na vile viwili vya pembeni mwa dereva na abiria wake, lazima vipitishe mwanga sabini katika kila mia. Vya nyuma, thelathini na tano. Mwenye ugonjwa wa ngozi huruhusiwa giza zaidi kwa barua ya daktari, ila nyuma tu. Ukikosea mara ya kwanza unabandua tinti, ile karatasi ya giza, na kurudi ndani ya siku saba. Mara ya pili, faini. Mara ya tatu gari linalala yadi, na wewe unakwenda nyumbani kwa miguu ukifikiri.

Alianza kazi kituo kikiwa hakina hata kipimo cha mwanga. Alikuwa na ukurasa wa gazeti tu. Anauweka kitini, anafunga mlango, anarudi hatua moja na kusoma kupitia kioo. Ukisomeka, umepita. Hakutumia ukurasa wa michezo wenye maandishi makubwa, alitumia wa tanzia, akisema asiyetaka kuonekana leo, kesho atasomeka humo.

Dereva mmoja wa teksi alikuja ameteremsha vioo vyote, akadai kisichoonekana hakipimwi. Bi Sabini hakubishana. Alitazama mawingu, akamwambia asubiri. Mvua ilipoanguka, bwana yule alivumilia mpaka maji yakaingia kwenye soksi, kisha vioo vikapanda, vyeusi kama sufuria ya kuni. Mdogo wa kiume wa Bi Sabini naye alikuja kifua mbele, akijua damu nzito kuliko maji. Alimwita "dada" mara nane. Akapewa wembe na ndoo ya maji ya sabuni, akabandua kioo kimoja baada ya kingine huku dada amemshikia koti.

Lakini siku iliyompa heshima ni ile iliyotaka kumfukuzisha kazi. Miaka tisa iliyopita mkuu wa idara yetu alileta gari lake jipya, vioo vya mbele giza tupu. Bi Sabini akabonyeza kipimo, kimya. Hapa mimi, mtunza stoo, niseme jambo lililonikaa kooni: betri za kipimo kile zilikuwa stoo kwangu, ndani ya redio yangu, maana siku hiyo kulikuwa na mpira. Nilidhani magari ya siku hiyo yamekwisha. Basi akarudia gazeti lake, akampa mkuu mwenyewe aliweke kiti cha dereva na kufunga mlango, hakuona hata herufi moja, akalikataa gari.

Namba ya kipimo haikuwepo, likabaki neno lake na neno la mkuu. Mkuu akaona mwanya, akampeleka kamati ya nidhamu. Alisema vioo vyake ni safi, vinaonesha kila kitu, mkaguzi ana chuki tu. Tena amemvunjia heshima mama mkwe wake, mgonjwa, mtu mzima, aliyekuwa ameketi kiti cha mbele na kupitwa bila hata shikamoo. Akaomba Bi Sabini aachishwe kazi na apoteze mafao yake yote. Wakati huo mumewe alikuwa kitandani mwezi wa tatu, na watoto wawili wako shuleni.

Mimi nilikuwa benchi la nyuma, najikuna, bila kutaja betri. Mwenyekiti akamuuliza kama ana la kujitetea. Akasimama, akamgeukia mkuu kwa adabu zote.

"Mheshimiwa, mimi nimelelewa. Mama mtu mzima nikimwona, namwamkia. Sasa nisaidie: mama alikuwemo, kioo chako kikanizuia kumwona? Au kioo kinaonesha, na mama hakuwemo? Chagua lolote, nitakubali."

Nimeona magari mengi yakizimika njiani, sijaona mkuu akizimika vile. Upande huu kanuni inamngoja, upande ule uongo. Mwenyekiti alijifanya anakohoa. Katibu aliinamia karatasi zake, mabega yakimcheza. Mwishowe ikatoka sauti ndogo: "Huenda hakuwemo."

Kamati nzima ikashuka yadi na gazeti. Hakuna aliyesoma kitu. Kesi ikafutwa kabla ya chai, na mkuu akaletewa wembe na ndoo kama mtu mwingine yeyote. Mama mkwe alipopata habari alituma ujumbe kwamba gari lile amelisikia tu, hajawahi kualikwa hata mpaka dukani. Tangu hapo alipandishwa kila Jumapili, kiti cha mbele, akipungia watu.

Kesho yake Bi Sabini alikuja stoo. Akawasha redio yangu, ikanguruma vizuri. Akasikiliza taarifa ya habari mpaka mwisho, akaizima, akaenda zake. Hakuniuliza, hakunishtaki. Kwa miaka tisa nimempelekea betri mpya kila Jumatatu kabla hajaomba, naye ameshukuru kana kwamba nampa zawadi.

Dada yetu, kusamehewa kimyakimya ni mzigo, na nadhani ulinitwisha makusudi. Leo nimeutua mbele ya watu, na wenye kunicheka wanicheke. Faili lako linafungwa bila doa. Wapo waliovuka barabara salama kwa sababu dereva aliwaona, wala hawajui ni nani wa kumshukuru. Sisi tunamjua. Ahsante. Nenda kwa mzee wako aliyepona, wajukuu wakuchoshe, na yale mafao waliyotaka kukunyang'anya ukayale yote, taratibu, mpaka uzeeke vizuri.