Benzi Lenye Mwenyewe

Mzee aliyepandia Tunduma alikuwa amepakata taa ya gari, kaiviringishia kitenge kama kichanga. Restuta, aliyekaa nyuma yake, yalikuwa hayamhusu, kwa hiyo alitega masikio yote mawili.

"Ni ya Benzi la marehemu baba," mzee alimwambia jirani yake. "Lilitelekezwa kwenye mibuni, kuku wakaligeuza banda. Nimelifufua mwenyewe." Jirani akauliza kama linawaka. "Jumapili liliunguruma mpaka kwaya ikanyamaza!"

"Sasa mzee wangu, mbona umepanda kosta?"

Mzee alikuna kidevu. "Kuna kuku anaatamia kiti cha nyuma. Mke wangu kasema atakayemwinua, mayai atayalalia yeye."

"Si umhamishe taratibu?"

"Akiyasusa, utakuja kunitetea?"

Kosta ikasimama Ihanda, mzee akashuka. Restuta alikuwa anakwenda Mlowo, lakini naye akashuka. Huyo kuku ilibidi amwone.