A Iko Wapi?

Karibu na kituo ya minibasi za Mansa, pale Nchelenge, Zambia, ku ziwa ya mupaka na Kongo, kuko libao moja ya kukalia juu ya makasha mbili za samaki. Pembeni, Mama Chouchou anachemusha kahawa ku mbabula ya makala, na batu ya libao banabishana mpaka kahawa inaisha. Asubuhi ile Papa Zéphirin, mwenye banaita Tekinisiyé, alikaa na ordinatere, kompyuta yake, ku magoti na moyo nzito. Ndani mulikuwa sauti ya marehemu bibi yake wa ndoa, Yolande, anaimba na korali ya kanisa ya Pweto, kule Kongo. Mbele ya kukimbia Kongo aliifunga na funguo ya siri, ya ndani ya mashini, yenye kufunguka na neno, kusudi mutu asiiguse. Mashini ya zamani ilikufa, sauti na funguo zikabakia ku flash. Hii mupya, ya sisteme ingine, alinunua juzi tu. Ilipokea ile funguo ya zamani bila shida, lakini akiandika neno ya siri, inakataa. Alijaribu mara kumi na moja.

— Funguo imezeeka, akasema Ghislain, mwenye banaita Maître juu zamani alikuwa anafagia biro ya avoka, wakili wa tribinali. Hata karte ya kuvotea inapitwa na muda. Haraka haraka haina baraka!

— Haraka gani? Zéphirin akauliza. Inapita miaka nane!

— Njo haraka yenyewe.

— Munakosa, ba Maître, akasema Rodwell, Muzambia mwenye banaita Imigreshen. Ile funguo ilivuka ziwa bila karatasi. Sisteme ya huku inaiuliza: weye mutoto wa nani? Ikikosa kujibu Kibemba, inarudishwa.

— Mashini gani inasikia Kibemba? Chouchou akacheka.

— Yenye banauza Mansa!

Maître hakukubali kushindwa.

— Sikieni! Funguo ilioana na mashini ya kwanza. Mashini ikakufa. Basi funguo ni mujane, na mujane banamusafisha mbele ya kuolewa tena. Kidole kimoja hakivunji chawa!

Libao yote ikacheka. Zéphirin hakucheka. Mujane ni miye, akawaza. Aliogopa kitu moja tu, na hakukisema: labda ni ye mwenyewe alisahau neno, na Yolande amepotea mara ya pili, juu ya kichwa yake mubaya.

Akaandika tena, macho ku ziwa, vidole vinaenda vyenyewe sawa vile alijifunza ku biro ya Pweto. Ku mashini mukatokea nukta tu, herufi hazionekane. Ikakataa.

Agness, mwalimu wa Mununga, alikuwa anangojea minibasi, anaangalia ile mikono ya Zéphirin. Kiswahili yake ilikuwa ya soko.

— Mukwai, ba tata, akaanza na heshima ya Kibemba. A iko wapi?

— A gani?

— Herufi A. Hapa, ku mashini.

Zéphirin akanyoosha kidole bila kuangalia: juu, kushoto, ku kona. Agness akainama.

— Hii ni Q.

Libao yote ikainama kuangalia.  

Ni kweli. Miaka yote Zéphirin aliandika ku klaviye ya Kifaransa, yenye vibonyezo yake inaweka A pale ku kona, na hii ya Zambia herufi zake zilihama nafasi.

— Yesu wangu! akasema. Funguo ilivuka. Vidole yangu njo haiyavuka!

Akatafuta herufi moja moja, na kidole kimoja, polepole, sawa mutu anatoa miiba mu samaki ya mutoto. Mashini ikawaza kidogo. Ikafunguka.

— Asante Mungu! Asante, mwalimu! Machozi inatoka, ye anacheka.

Akabonyeza. Kwanza kelele ya viti, kisha sauti ya Yolande, kali, karibu kabisa:

— Zéphirin! Kahawa inaungua, na weye uko unakamata sauti tu!

Chouchou akaruka ku mbabula. Sufuria ilikuwa imekauka, moshi inatoka. Ku mashini korali ikaanza.

— Munaona? Maître akaanza. Mi nilisema, kidole kimoja…

— Nyamaza, Maître, akasema Zéphirin, anapanguza macho. Bibi yangu anaimba.