Kitabu cha Mapanki Chatafuta Mchapishaji

Kijiwe cha Igogo kiko pale njia ya stesheni inapokutana na ile ya mwaloni, wanakoshusha samaki kutoka ziwani: benchi moja, gogo moja, na birika la kahawa la Shimba juu ya jiko la mkaa. Mwaka ule wa tisini na tano, waliokaa hapo mchana kutwa wengi walikuwa wamepunguzwa kazini. Malimi alikuwa karani wa kiwanda cha nguo miaka kumi na minane. Kilipouzwa, akaanza kuandika. Miaka miwili, madaftari sita, yote habari za akina mama wa mapanki, wale wanaonunua vichwa na mifupa ya sangara viwanda vikishachukua minofu. Sasa mchapishaji wa Dar alikuwa amemjibu: asitume madaftari, atangulize pendekezo la kurasa mbili. Kitabu kinasema nini, nani atakisoma, na kwa nini akinunue. Odera, fundi redio, alikuwa anaondoka na treni ya jioni ile na angeifikisha bahasha kwa mkono. Malimi alikuwa na ukurasa mmoja, umejaa mistari iliyokatwa.

— Hebu soma ulipofika, alisema mzee waliyemwita Waziri kwa sababu hakuwahi kukiri kwamba kuna jambo asilolijua.

— “Ndugu Mchapishaji, naomba kwa heshima na taadhima…”

— Futa! Hiyo ni barua ya likizo. Siku hizi soko huria, bwana. Mwambie utauza nakala elfu kumi.

— Nitajuaje?

— Kwani yeye atajuaje?

Malimi akaandika elfu kumi. Akaitazama, akaikata.

— Weka ukimwi, alisema Odera, macho kwenye saa yake. Wafadhili wanatafuta ukimwi.

— Humu hamna ukimwi. Ni samaki.

— Basi mmoja augue. Sura ya tatu.

— Halafu apone, aolewe na mzungu wa kiwanda! alidakia Shimba akimimina kahawa. Watengeneze sinema.

— Umenena! Waziri akasimama kabisa. Tena usiseme karani. Andika Dokta Malimi. Picha ya suti, muhuri wa katibu kata. Nani atatoka Dar kuja kuhakikisha Igogo?

Wakaangua kicheko. Malimi hakucheka. Justa, mkewe, ndiye aliyelisha nyumba kwa maandazi miaka hiyo yote miwili, na asubuhi ile alikuwa amemfutia meza ili aandike.

Ndipo mama mmoja akasimama kando ya jiko, akatua beseni la mapanki, akaomba kahawa. Aliitwa Sabina, hakuwahi kukaa pale.

— Huyu hapa sasa! Waziri akapiga makofi. Dada, bwana huyu amewaandika kitabu kizima, nyie wa mapanki.

Sabina akamtazama Malimi.

— Nikikisoma, nitajua nini nisichokijua?

Malimi alipekua madaftari yote sita kichwani: foleni ya getini, moshi wa mafuta, macho yanayowasha. Yote hayo mama huyu alikuwa anayaishi.

— Wewe ungependa kujua nini, dada? aliuliza hatimaye.

— Ile minofu. Mwaka wa nne huu nanunua mifupa. Nataka kujua nyama yake inaliwa na nani, na huko kwao anaambiwa imetoka kwa nani.

Kuhusu hilo, madaftarini hamkuwa na hata mstari mmoja.

Honi ya treni ikalia. Odera akanyoosha mkono.

— Lete hivyohivyo, Malimi!

Malimi aliinua karatasi, mkono ukafika nusu, ukarudi.

— Nenda salama. Nitaituma kwa posta.

Odera akatoka mbio.

— Hapo kiwanda cha samaki, Malimi alimwuliza Sabina, kuna mtu unayemjua?

— Dereva wa lori la barafu. Saa hizi anapakia minofu.

— Wewe, unakwenda wapi? Waziri alipaza sauti. Kahawa yako!

Malimi hakugeuka. Alikuwa ameshika upande mmoja wa beseni, Sabina upande wa pili, wanateremka haraka kuelekea kiwandani kabla lori halijaondoka.