Kisasi cha Kila Alhamisi

Mheshimiwa Meya wa Thornwick, Mchungaji uliyetupa ukumbi huu, Bi Pask mhariri wa gazeti letu, ndugu wasomaji, na wewe Bwana Cuthbert Lathom unayestaafu leo huku ukijifanya hunioni:

Naomba radhi kwa kimya changu. Ni miaka kumi na tisa tangu nilipoliandikia gazeti hili, na barua ile ya mwisho ndiyo chanzo cha yote nitakayosema.

Ilikuwa mistari minne tu. Nilieleza kwa adabu, kama ilivyompasa mwalimu wa Kilatini, kwamba chemshabongo ya Bwana Lathom ilikuwa na fumbo lenye majibu mawili sahihi, na kwamba mtungaji makini hafanyi hivyo. Barua ikachapishwa. Je, alinijibu? Hakunijibu. Watu wa mji huu hawajibu. Wanakumiminia chai iliyopoa na kukunyima biskuti.

Alhamisi iliyofuata, mstari wa kwanza wa chemshabongo ulidai neno la kale la Kiingereza la herufi sita, lenye maana ya kisasi. Nikahangaika siku nne. Jibu lilikuwa "ultion", neno lililokufa kabla babu wa babu yangu hajazaliwa. Wiki ya pili likaja "wreak", nalo jina jingine la kale la kisasi, kisha jingine, na jingine. Sisi Waingereza tumeacha kuchomana visu kwa ajili ya heshima, lakini maneno ya kisasi hatukuyazika. Tuliyaweka katika kamusi nene ili Bwana Lathom apate kuzibia pembe za miraba yake. Nani mwingine anayahitaji? Ni mlipiza kisasi gani aliyewahi kumwambia adui yake, "Subiri hapo, nakuletea ultion"?

Kila Ijumaa tulikutana humu humu, kwenye foleni ya chai.

"Mwalimu, ya jana umeimaliza?"

"Kabla kikombe hakijapoa, Bwana Lathom. Unazeeka."

"Aa, basi nitajitahidi."

Nilikuwa nikidanganya. Nakiri leo mbele ya Mchungaji: sikuwahi kuimaliza kabla ya Jumapili.

Kisha mume wangu Edmund akafariki. Alhamisi ya wiki ile nilifungua gazeti, na neno la kisasi halikuwemo. Palikuwa na mito, ndege na maua, mafumbo ambayo hata Mheshimiwa Meya angeyafumbua. Nilikasirika sana. Nani alimwomba anihurumie? Ijumaa nikamfuata pale pale kwenye foleni.

"Ile ya jana ulimtungia nani? Watoto wa chekechea?"

"Nimekusikia, mwalimu."

Wiki iliyofuata alinipa neno baya kuliko yote, lenye konsonanti zinazogombana. Nilikaa nalo siku sita, na katika siku hizo sita nilikumbuka tena kula, jambo nililolisahau tangu msiba. Kadi za rambirambi nilipokea themanini. Siikumbuki hata moja.

Sasa Bi Pask ananitaka nishike kazi hii ya kutunga chemshabongo. Nikikataa, ameniambia wazi, mahali pale patawekwa tangazo la magodoro. Bwana Lathom alipopata habari alinibana leo pale tunapotundika makoti.

"Kubali, mwalimu. Miaka thelathini yangu ifunikwe na magodoro?"

"Ungelifikiria hilo kabla ya ultion."

"Bado tu unalo moyoni?"

"Wewe ndiye uliyelikumbusha kila wiki!"

Ndugu zangu, sijaamua. Kamusi ninayo, na ukali, kama wanafunzi wangu waliomo humu watakavyoshuhudia, haujapungua. Lakini kazi hii haifanyiki bila mtu mmoja wa kumtungia. Yeye alikuwa na mimi. Mimi nitakuwa na nani? Bwana huyu ametunga chemshabongo miaka thelathini, na hajawahi kujaza hata moja ya mwenzake. Nimemwuliza iwapo anayo penseli. Anasema anatumia kalamu ya wino. Kalamu ya wino! Mtu asiyetarajia kukosea!

Nakushukuru, Bwana Lathom, kwa uadui ulioutunza vizuri kuliko wengi wanavyotunza urafiki. Nanyi nyote nawashukuru kwa kunivumilia hadi hapa. Na ninyi mnaogawa chai, tafadhali, leo mpeni Bwana Lathom biskuti.

Nikiisha kuamua, nitamwandikia Bi Pask. Wewe sitakuandikia. Nunua penseli, usubiri Alhamisi.