Bi Mvuke na Maji ya Moto Aliyotuachia

Marehemu mama yetu, ambaye wakubwa kwa wadogo walimwita Bi Mvuke, alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Agosti 1951, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa baba mkulima na mama mfinyanzi wa vyungu. Alizaliwa nyumbani, katika chumba cha nyuma, asubuhi ya mvua kubwa. Mkunga aliagiza maji ya moto, lakini kuni zilikuwa zimelowa, na mtoto akafika kabla ya sufuria kuchemka. "Huyu aliogeshwa maji ya baridi siku ya kwanza," mama yake alizoea kusimulia, "akatutazama tu kama mgeni asiyetaka kusumbua watu."

Alianza shule ya msingi Januari 1960 na kufika darasa la nne Desemba 1963. Mwalimu wake wa hesabu alitaka aendelee, kwa sababu kwenye kugawanya hakuwa na mpinzani. Ila mwaka huo nyumbani walizaliwa mapacha, na mikono ya mama yao ilikuwa miwili tu kwa kazi zote. Bi Mvuke alikabidhiwa pacha mmoja mgongoni na daftari likaishia hapo. Kusoma hakukuacha. Alisoma kila karatasi iliyoingia nyumbani, hata iliyofungiwa sabuni, polepole, midomo ikicheza. Alikuwa hatupi kikaratasi cha dawa mpaka amekimaliza pande zote mbili.

Tarehe 1 Februari 1971 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, na huko alikaa miaka thelathini na moja, hadi alipostaafu tarehe 28 Juni 2002. Kilikuwa chumba kirefu chenye madirisha madogo juu na boila kubwa la kuchemshia maji lililonguruma pembeni. Jioni alipotoka getini nguo zake zilikuwa bado zinafuka, na mlinzi ndiye aliyemtania jina la Mvuke. Likamganda.

Boila lile halikuwahi kutosha. Basi palikuwa na utaratibu, na mwenye kuusimamia alikuwa yeye. Maji ya moto yalitangulia kwenye shuka za chumba cha upasuaji, yakafuata za wodi ya wazazi, halafu za wodi nyingine. Wafuaji wenyewe walinawa kwa kilichobaki, na mara nyingi hakikubaki kitu. Siku moja muuguzi kijana alikuja na ndoo yake, anataka maji ya kuoshea nywele.

"Nywele hizo, mwanangu," Bi Mvuke alimuuliza, "zimelazwa wodi namba ngapi?"

Chumba kizima kilicheka, muuguzi naye akacheka, akarudi na ndoo tupu. Miaka ilipita yule muuguzi akawa mkuu wa wauguzi, na kila mgeni aliyemtembeza hospitalini alimpitisha kwanza pale kwenye chumba cha kufulia.

Tarehe 7 Desemba 1974, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na seremala aliyekuwa ameitwa kurekebisha meza ya kupigia pasi. Meza ilikuwa na mguu mmoja mbovu. Seremala aliutengeneza kwa siku nne. Siku ya nne Bi Mvuke alimwambia, "Kaka, kama meza hii ingekuwa na miguu yote mibovu, si ungestaafu hapahapa?" Seremala alijibu kwamba hilo ndilo alilokuwa akiliwaza. Walijaliwa watoto watatu: binti mkubwa ambaye ni mwalimu, kijana wa pili ambaye ni dereva wa lori, na wa mwisho ambaye ni fundi bomba. Mume wake alimtangulia tarehe 3 Machi 2009. Tangu hapo Bi Mvuke aliishi na mwanawe wa mwisho, na baadaye na mke wa mwanawe huyo.

Habari za mkwe huyu zinaingia hapa kwa sababu yeye ndiye aliyekaa na marehemu siku zote za mwisho, na ndiye aliyeombwa na familia kuandika maneno haya.

Alipoolewa alimkuta mama mkwe ana kazi moja asiyomwachia mtu. Kila alfajiri Bi Mvuke alikaa kwenye baraza ya nyuma na jiko la mkaa, akapuliza, akakohoa, akachemsha sufuria kubwa la maji ya nyumba nzima ya kuoga. Mkwe alipotaka kumsaidia aliambiwa, "Kalale, mwanangu. Mimi na moshi tunajuana." Baadaye mwanawe alileta koili ya umeme ya kuchovya kwenye ndoo. Ilikula umeme kama haina akili nzuri, na siku moja ilimpiga shoti mkwe akiwa mjamzito wa miezi saba. Bi Mvuke aliichomoa kwa mpini wa ufagio, akaitupa uani, akarudi kwenye jiko lake.

Mjukuu huyo alizaliwa tarehe 2 Februari 2023. Kikohozi cha bibi kilikuwa kimeshazidi, na fundi bomba akasema sasa basi, nyumba hii haichemshi tena maji kwa mkaa. Jumamosi ya tarehe 18 Novemba mwaka huo alipandisha paani mtambo wa jua: kioo kirefu cheusi na tangi la lita mia moja na hamsini lililovikwa vizuri lisipoteze joto. Ndani ya tangi aliweka koili ya akiba kwa siku za mawingu, na ukutani, karibu na mlango wa bafu, swichi nyekundu. Ukiibonyeza unasubiri nusu saa, ukishaoga unaizima. Kijitabu cha maelekezo kilichokuja na mtambo hakikusomwa na mtu ila Bi Mvuke.

"Kwa hiyo jua nalo limeajiriwa?" aliuliza akiwa ameshika kiuno, anatazama juu.

"Limeajiriwa, mama. Na halidai likizo," mwanawe akamjibu.

"Tutaona mwezi wa sita."

Lakini alipofungua bomba mara ya kwanza akaweka kiganja, aliita nyumba nzima ije ishike. Jiko la mkaa akampa jirani. Kikohozi kikapungua hata mjukuu akaacha kukiiga. Na Bi Mvuke, aliyeoga kwa kopo na ndoo maisha yake yote, sasa alikuwa akikaa bafuni muda mrefu akiimba. Alipotoka, kioo cha bafuni kilikuwa kimefunikwa na mvuke, na mkwe akawa anakifuta huku anacheka peke yake. Miezi hiyo saba ndiyo ambayo familia ingependa ikumbukwe.

Juni 2024 ulikuja na mawingu. Tarehe 12, siku ya tatu bila jua, mtoto alikuwa na homa na amejichafua mpaka mgongoni. Mama yake alikuwa hajalala usiku mbili. Alimbeba mbiombio hadi bafuni, akamkuta Bi Mvuke ndiyo kwanza anatoka, amejifunga khanga, uso unang'aa. Akafungua bomba. Yakatoka ya uvuguvugu, halafu ya baridi.

"Mama, maji ya moto yote umeyamaliza?" alisema. "Na mtoto je?"

Maneno yalikuwa hayo tu. Sauti iliyoyabeba ndiyo haikuwa ya kumsemesha mama. Swichi nyekundu ilikuwa mkono wake wa kulia na hakuikumbuka.

Bi Mvuke alisimama pale na maji yakimdondoka kwenye visigino. "Nisamehe, mwanangu," alisema. Akaenda jikoni, akawasha jiko la gesi, akachemsha maji ya mtoto mwenyewe.

Mkwe alikuwa na nia ya kuomba radhi jioni. Jioni mtoto alikuwa na nafuu, watu wakacheka mezani, akaona yameisha. Hayakuwa yameisha. Kwa mtu aliyesimamia zamu ya maji miaka thelathini na moja, kuambiwa kwamba mgonjwa amekosa kwa ajili yake hakukuwa maneno ya kupita. Bi Mvuke alijiondoa kwenye zamu. Tangu kesho yake alioga maji ya baridi kwenye ndoo, haraka, bila kuimba, na akiulizwa alisema, "Nimeshaoga, ogeni nyie."

Na hili ni la kweli na linaandikwa kama lilivyo: mkwe aliona. Aliona kwamba bibi akitoka bafuni kioo ni kikavu, hakina mvuke. Aliona mara ya kwanza, na ya pili, na wiki zikapita. Akajiambia huenda wazee hupenda maji ya baridi. Akajiambia hivyo kwa sababu maji yalikuwa sasa yanamtosha yeye na mtoto, na kuuliza kungemrudisha kwenye neno alilolisema. Mwaka mzima na mwezi mmoja alikifuta kile kioo kikavu na hakuuliza.

Bi Mvuke alianza kuumwa kifua tarehe 3 Julai 2025. Tarehe 9 alilazwa, katika hospitali ileile aliyofua shuka zake. Siku ya pili muuguzi alileta beseni la maji ya moto apate kufutwa mwili. Bi Mvuke alilisukuma taratibu kwa vidole.

"Wapelekee wengine kwanza. Mimi nimezoea ya baridi. Nyumbani ya moto ni ya mtoto."

Alisema bila kinyongo, kama anayemweleza mtu ratiba. Mkwe alikuwa amesimama pale na taulo mkononi.

"Mama," mkwe akasema muuguzi alipoondoka, "maji yanatosha. Yalikuwa yanatosha siku zote. Na kukiwa na mawingu kuna swichi."

"Ile nyekundu? Ukurasa wa kumi na moja," Bi Mvuke akasema, akatabasamu. "Niliisoma. Sikujua kama na mimi naruhusiwa."

Mkwe alilia, akaomba msamaha aliouchelewesha mwaka mzima. Mama alikuwa ameshashikwa na kikohozi, na kilipotulia alikuwa amelala. Haijulikani alisikia kiasi gani.

Daktari aliulizwa, tena mara mbili. Alisema maji ya baridi hayakuleta ugonjwa huu. Mapafu yalichoka kwa moshi wa mkaa wa miaka mingi na dawa za kufulia, na tangu jiko litolewe nyumbani alikuwa ameongezewa siku, si kupunguziwa. Familia inamshukuru kwa maneno hayo. Mkwe ameyaandika hapa kama alivyoagizwa. Ila hakumuuliza daktari kuhusu zile asubuhi za baridi, kwa sababu hizo haziponi kwa jibu la daktari.

Tangu siku ile alikuwa akija hospitalini na chupa mbili za chai zimejaa maji kutoka bomba la nyumbani, yaliyopashwa na jua. Siku za mwanzo Bi Mvuke alikataa. Jumapili, tarehe 20, alichovya kiwiko kwenye beseni, kama anavyopima mtu maji ya mtoto mchanga.

"Mtoto ameoga?"

"Ameoga, mama. Na yamebaki."

"Yamebaki kweli, au unanidanganya?"

"Yamebaki kweli. Baba yake naye ameoga, na bado."

Bi Mvuke alifikiri. Halafu alitoa miguu yake chini ya shuka, mmoja baada ya mwingine, akamwachia mkwe aioshe. Hakusema amesamehe. Alisema, "Ongeza kidogo," na mkwe akaongeza mpaka chupa zote mbili zikaisha.

Jumatatu, tarehe 21 Julai 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sabini na tatu, miezi kumi na mmoja na siku saba.

Wasifu huu ulipoandikwa, binti mkubwa aliusoma wote, akafika kwenye habari ya tarehe 12 Juni, akaweka karatasi chini.

"Wifi, hapa pafute. Mbele ya watu wote hawa?"

"Siwezi, wifi. Nikipafuta nitakuwa nimenyamaza tena."

Binti mkubwa aliichukua tena karatasi. "Mimi nilikuwa nakuja kila mwezi," akasema. "Nilikuwa naoga kwenye bafu hilohilo, nikitoka mama anaingia na ndoo. Sikuuliza hata siku moja. Basi usipafute. Nitapasoma mimi, na wewe utakaa karibu yangu."

Ndiyo maana leo anasoma yeye. Na wote wawili wanamwomba kila mwenye mzee nyumbani: akirudi leo amfungulie bomba la moto, amshike mkono ampeleke kwenye swichi, amwambie kwa kinywa chake kwamba na yeye anaruhusiwa.

Bi Mvuke ameacha watoto watatu, wakwe watatu, wajukuu sita, na ndugu wawili walio hai, akiwemo yule pacha aliyembeba mgongoni. Mjukuu wa mwisho, wa miaka miwili na nusu, bado anagonga mlango wa bafu kila asubuhi na kusubiri aitikiwe.

Apumzike mama yetu, na amani yake isipunguzwe kwa ajili ya mtu yeyote.