Byamungu Aliyeahirisha Sakafu

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi Cadeau, mdogo wa marehemu, niwasomee safari ya fundi wetu.

Byamungu Narcisse alizaliwa tarehe 12 Machi 1961 huko Kadutu, Bukavu, akasoma shule ya msingi hukohuko, kisha akajifunza ushonaji hadi akahitimu mwaka 1980, na tarehe 6 Agosti 1988 akafunga ndoa na Godelive, wakajaliwa watoto watatu, Fabrice, Raïssa na Benedicte.

Vita ilimtoa kwao, akafika hapa Malawi, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Mei 2003, akafungua chumba cha kushonea karibu na soko, chenye sakafu ya udongo mwekundu. Kila mara Godelive alipoomba simenti, alijibiwa kwamba mwakani wataitwa kwenda ng'ambo, na mtu hajengi njiani. Kwa hiyo cherehani aliikodi, meza aliiazima, na duka alilolichora kichwani lilikuwa Kanada, lenye vioo na mafundi tele. Hatukumcheka, maana kila mmoja wetu alikuwa na Kanada yake. Mwakani ikaja, ikapita, ikaja nyingine, akachoka, nasi tukachoka naye.

Septemba 2011, bibi harusi mmoja wa Kauma alimpa kazi ya gauni jeupe, naye akaenda soko la Tsoka, Lilongwe, akachagua kitambaa kizuri kuliko vyote alivyowahi kushona, lakini wakati wa kushona pindo likaburuzika kwenye udongo ule, doa likagoma kutoka, na binti wa watu akaingia kanisani na pindo jekundu. Byamungu aliumia sana. Alirudi kutoka kanisani, akaketi mlangoni, akamwambia mkewe, "Mi nimechoka kungoja, mama Fabrice. Tuweke simenti, hata kama kesho banatuita."

Sakafu iliwekwa Oktoba hiyo. Tangu hapo malengo yake yakawa madogo, cherehani yake mwenyewe, suti mbili kwa wiki, na kutomwahidi mtu Jumamosi asiyoiweza. Yote aliyafikia, na wito haukuja.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2017, akalazwa Lilongwe mara kadhaa, akafariki tarehe 9 Juni 2018.

Tunawashukuru madaktari waliomhangaikia, majirani waliopika na kukesha nasi, mafundi wenzake waliofunga kazi leo, na wenyeji wetu Wamalawi, zikomo.

Kaka, asubuhi hii jeneza lako lilikaa katika chumba chako, shuka jeupe likagusa chini, Godelive akaliinua pindo, akalitazama, halikuwa na doa. Umemaliza kungoja. Pumzika kwa amani.