Mapazia ya Ritha Yatafutiwa Shahidi

Benchi lile liko kwenye kona ya Kariakoo ambako wenye shughuli wanapigwa jua, na kivuli wameachiwa wasio na haraka. Wasio na haraka wenyewe ni wawili. Mzee Breki aliendesha mabasi ya mikoani mpaka macho yakamkatalia, na tangu hapo kila mazungumzo anataka kuyashikia usukani yeye. Waya ni fundi simu. Meza yake iko palepale, ila mdomo wake ukianza kazi mikono inapumzika, ndiyo maana simu za watu zinazeekea kwake. Asubuhi hiyo wote wawili walikuwa kwenye kahawa, Ritha, mshona mapazia wa mlango wa jirani, akaja kukaa kati yao na sura ya mtu aliyekwama.

Alikuwa amekwama kweli. Mama Elibariki, mwenye nyumba ya wageni upande wa Jangwani, anataka mapazia ya vyumba vyote. Amemwambia Ritha kwamba kabla ya saa sita mchana anataka kusikia wateja wake wa nyuma wanasema nini, la sivyo kazi anampa yule mshonaji wa mtaa wa pili. Kushona hakukumtisha Ritha. Anamshinda yule wa mtaa wa pili, na yule wa mtaa wa pili anajua. Kilichomshinda ni kilichomo kwenye simu. Kila akimaliza kazi huuliza, "Mmeyapenda?" Sasa mtu wa mji huu, umesimama sebuleni kwake na jasho linakutoka, unamuuliza hivyo, atakujibu nini? Akawasikilizisha wenzake sauti za wateja. Umetisha, dada. Umeua. Mungu akuinue.

— Hapo kazi unayo, Waya alisema. Huyo wa "Mungu akuinue" imemtoka moyoni.

— Hiyo nilimtumia Mama Elibariki jana, Ritha akasema. Kanijibu "Amina".

Mzee Breki akaona ugonjwa uko kwenye sauti. Alitaka video, mteja asimame mbele ya dirisha alie. Waya akasema kulia peke yake hakutoshi, na majirani walie, tena ipigwe kwa vipaza sauti Mnazi Mmoja kwenye mkutano wowote, wa nani si hoja. Mzee akapanda gia: mteja aulizwe kabla hajanywa chai, maana aliyeshiba hana shukrani. Waya akabisha kwamba mwenye njaa ndiye asiye na shukrani. Basi mapazia yakaachwa, ikabishaniwa njaa, mpaka Waya mwenyewe akakumbuka kuna mtu ana shida.

— Nirekodi mimi. Nitasema unanishonea tangu siku niliyooa.

— Hujaoa, Waya.

— Mama Elibariki anajua?

Mwisho wa benchi alikuwa ameketi mama mmoja, Candida, mfanyabiashara wa Songea anayesubiri mzigo wake ufungwe. Akamwamkia Mzee Breki shikamoo, akaitikiwa, ndipo akauliza.

— Samahani. Huyo aliyesema "umeua", madirisha yake yalikuwa na nini kwanza?

Ritha mwenyewe alikumbuka rangi, akakumbuka urefu, lakini mtu yule alitaka mapazia kwa sababu gani, hakuwahi kumuuliza. Akapiga simu. Aliyesema "umeua" ni Filbert, nesi anayekaa Upanga.

— Kaka Filbert, kabla sijakuwekea yale mapazia, ulikuwa unasumbuka na nini?

— Dada, si nilishakwambia? Uliua.

— Hiyo ninayo. Nataka shida.

Filbert akacheka kwanza.

— Shida? Mimi naingia usiku. Nikirudi asubuhi nilikuwa najifunga kanga ya mke wangu machoni, na jua linaingia vilevile. Sasa nalala mpaka saa nane, chumba giza. Ila lile la kwanza ulikata fupi, nikakasirika. Kesho yake ukarudi na jingine, hata nauli hukunidai.

Ritha akamwomba maneno hayohayo ayatume kwa sauti, apelekewe Mama Elibariki. Yalipofika, Waya alikwishaikamata simu anataka kufyeka pale pa ufupi. Mzee Breki akamuunga mkono: basi likikohoa njiani, abiria huwatangazii. Ritha akainyakua simu yake. Wageni wa Mama Elibariki ni wafanyabiashara wanaokesha safarini, wakifika asubuhi wanatafuta usingizi. Na huyo anayewakaribisha si mtoto wa kufichwa ukweli. Akaituma nzima.

Jibu likaja kahawa bado ya moto.

— Njoo upime, Mama Elibariki alisema. Na ukikata fupi sitapiga kelele. Nimeshajua unarudi.

Ritha akachukua futi yake akaondoka, akimwacha Mzee Breki anamweleza Candida jinsi wazo lile lilivyomjia yeye.